Mfadhili ameondoka: je, maigizo ya mitaani bado ni kazi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanamke wa miaka 26, natoka Tanga. Nilisoma sanaa za maonyesho Bagamoyo, na tangu nimalize nimekuwa kwenye kikundi kinachozunguka na maigizo ya kampeni za afya: sokoni, stendi, vijijini. Mwaka 2025 mfadhili alikata fedha na kikundi kimebaki jina. Baba anasema sanaa ya barabarani ni mambo ya ujana, nitafute kazi. Wenzangu wawili wamepata wakala wa kuwapeleka nje kwenye mahoteli. Je, kucheza mitaani na kuzunguka kunaweza kuwa kazi ya maisha hapa kwetu, au nami nitafute njia ya kutoka?

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Kazi ipo. Ila nianze na jambo ambalo huenda hutalipenda: kikundi chenu hakikuwa na kazi, kilikuwa na mteja mmoja. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, na USAID, shirika lake la misaada, ikafungwa katikati ya mwaka huo huo, kampeni nyingi za afya zilikatika ratiba ikiwa bado inaendelea. Vikundi vilivyoishi kwa kampeni hizo vilibaki na fulana zenye nembo. Mfadhili aliondoka na gari, akaondoka na spika, akaondoka hata na igizo, kwa sababu lilikuwa lake: ujumbe wake, muswada alioupitisha yeye, wahusika waliopunguzwa au kuongezwa kwa kufuata bajeti yake. Sasa nikuulize. Kesho saa 10 jioni, bila kumpigia mtu simu, unaweza kusimama Ngamiani, hapo kwenu Tanga mjini, na onyesho la nusu saa ambalo ni mali yako? Kama huwezi, anzia hapo, kabla hata hujafikiria Ulaya wala kumjibu mzee wako.

Sanaa yetu ya kuzunguka haijawahi kukosa tajiri wa kuibeba, wala haijawahi kukosa siku ambayo tajiri huyo alichoka. Miaka ya 1960 tajiri alikuwa serikali: vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi, wakarudi kuingia kwenye kundi la taifa. Kundi hilo lilipovunjwa, kazi yake ikahamia Bagamoyo, ambako chuo kilifunguliwa 1981, hicho hicho ulichosoma wewe kikiwa tayari kimegeuzwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, mwaka 2007. Vyuo vikuu navyo vilibeba mzigo: Makerere ilianza kuzungusha maigizo bila kiingilio mwaka 1965, Nairobi ikafuata 1974. Kisha, Dar es Salaam ya miaka ya 1980 na 1990, tajiri akawa mnywaji wa bia. Kikundi cha Muungano cha Norbert Chenga, na baadaye Tanzania One Theatre ya Kapteni John Komba chini ya kivuli cha CCM, walijaza kumbi za baa kwa maonyesho marefu ya ngoma, sarakasi, kwaya, vichekesho, igizo na taarab. Watu walilipa kiingilio, na wakipendezwa walikwenda mbele kuwatunza wasanii fedha. Baada ya hapo ndipo zikaja asasi na kampeni zao, na kizazi chako hakijaona kingine.

Waliovuka kutoka kwa tajiri mmoja hadi kwa mwingine ni wale waliokuwa na kitu chao mkononi. Mchekeshaji King Majuto, wa hapo kwenu Tanga, alikuwa amekaa jukwaani miaka mingi kabla kamera za video hazijamkuta. Zilipomkuta, hakuhitaji kufundishwa namna ya kumsubiri mtazamaji amalize kucheka.

Kwa hiyo tuongee kuhusu hicho kitu chako, na hapa nitakaa kidogo.

Onyesho la mtaani si igizo la ukumbini lililotolewa nje. Ukumbini mtu ameshalipa, ameshakaa, na kutoka ni aibu. Sokoni hajakulipa, amebeba nyanya, na kila upande ni njia ya kuondokea. Nusu ya kazi hufanyika kabla hadithi haijaanza. Nenda mahali hapo siku moja kabla, saa ile ile utakayocheza, uangalie jua, upepo na mkondo wa watu. Kwenu pwani jioni jua liko magharibi na upepo mara nyingi unatoka baharini. Ukisimama upande wa bahari ukitazama bara, jua linakupiga wewe usoni na kukuangaza, watazamaji wanaligeuzia mgongo, na upepo unawapelekea sauti yako badala ya kuirudisha kooni mwako. Ukikosea upande, watu watakutazama wamekunja macho, na baada ya dakika kumi watakuwa wamekwenda bila hata kujua kilichowaudhi. Tafuta pia kitu cha kuegemeza mgongo: ukuta wa shule, ghala, hata lori lililoegeshwa. Nje hakuna dari wala kuta za kuirudisha sauti, na ukuta mmoja nyuma yako unakusaidia kuliko unavyodhani. Usizibe mlango wa duka la mtu. Mwenye duka akichukia, mgambo watafika kabla ya watazamaji.

Saa nayo ina adabu yake. Anza alasiri ikishaswaliwa, na uwe umeshamaliza na kukusanya fedha kabla ya magharibi. Adhana ikikukuta katikati, nyamazeni, kaeni mkao ule ule mliokuwamo mpaka iishe. Ukifanya hivyo kwa heshima, mduara haubomoki. Wazee waliokuwa wanakutazama kwa mashaka watakutazama kwa jicho jingine.

Namna ya kukusanya watu: usianze kwa kipaza sauti. "Mabibi na mabwana, karibuni tuwaletee burudani na mafunzo" haijawahi kumsimamisha mpita njia, maana neno mafunzo peke yake linamkumbusha alikokuwa anakwenda. Anza na kazi inayoonekana. Mmoja achore duara chini kwa unga. Mwingine akaze ngoma kwa moto wa makaratasi, aipige mara moja, asikilize, airudishe motoni. Mtu anayeshughulika kwa makini huvuta macho kuliko anayeita. Watoto watafika kwanza. Wakalishe chini mstari wa mbele, mapema, kwa sababu wakisimama watu wazima hawaoni, na watadhani ni mchezo wa watoto. Kisha wavute watu wazima wasogee mpaka mabega yagusane. Watu waliokaribiana hucheka kwa urahisi. Waliotawanyika kila mmoja anaogopa kucheka peke yake.

Ukitaka kuona haya yakifanywa na mabingwa, acha vitabu, nenda stendi ukasimame nyuma ya muuza dawa za kienyeji au mcheza mazingaombwe. Dakika ya kwanza anataja nyoka aliyemo kwenye sanduku. Sanduku lipo pale, watu wanaliona, anaweka mguu juu yake, analigonga, na halifunguliwi mpaka dawa ziishe. Na wewe uwe na sanduku lako: jambo moja uliloahidi mwanzoni, la hatari au la kuchekesha, litakalotimia mwishoni.

Hadithi yenyewe iwe fupi, na wahusika watambulike kwa mwendo na vazi hata kwa mtu aliye ng'ambo ya barabara: mama mkwe, mjumbe wa nyumba kumi, kijana aliyerudi mjini mikono mitupu. Kila baada ya dakika tano hivi, mtu aliyefika sasa hivi aweze kuelewa nani anamdai nani. Kibwagizo cha wimbo kinachorudiarudia kinafanya kazi hiyo bila kumchosha aliyekuwepo tangu mwanzo. Na mlevi akiingia mduarani, usimfukuze. Mpe kikombe ashike, mwambie yeye ndiye shahidi wa harusi. Atasimama wima kuliko askari wa gwaride.

Kuna stadi moja zaidi ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayouzika kuliko zote, na nadhani mliigusa chuoni kisha kampeni zikawasahaulisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza. Hawakufika na ujumbe. Matatizo yalitajwa na wanakijiji, mimba za wasichana na vijana kukosa kazi yakiwemo, nao ndio walioyageuza ngoma na michezo, wakacheza, kisha wakajadiliana. Augusto Boal wa Brazil naye alitengeneza namna ya kulisimamisha igizo pale mambo yanapoharibika na kumwomba mtazamaji aingie achukue nafasi ya mhusika, aonyeshe yeye angefanyaje. Kikundi chenye mtu anayeweza kusimama kati ya igizo na umati, akauliza swali na kungoja jibu bila kuhubiri, kina bidhaa ambayo spika na fulana haziwezi kuiga. Halmashauri inayotaka kuzungumza na wananchi juu ya ardhi, au shirika linalotaka kujua kwa nini watu hawaji zahanati, litamtafuta mtu huyo. Jifunze kuwa mtu huyo. Kazi za kulipwa zitakapokuja, utakwenda nazo kama fundi. Msemaji wa kukodi yupo kila kona.

Sasa fedha. Kofia, au bakuli, hupitishwa kabla ya kilele, si baada yake. Sanduku bado limefungwa, mmoja wenu anasema waziwazi, bila kulialia, kwamba hii ndiyo kazi yetu na nauli imetoka mifukoni mwetu. Wakusanyaji waanzie upande wa nyuma ambako watu hukimbilia. Bakuli lisiende tupu. Litangulie na noti. Lipa namba iandikwe kwenye boksi kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka mbali, kwa sababu siku hizi mtu mwenye simu yenye salio anaweza kuwa hana hata sarafu mfukoni. Na pwani kuna jambo ambalo wageni hawalijui: watu wetu wanapenda kutunza wakionekana. Fungia kwa muziki, mwachie mama nafasi ya kuingia mduarani na khanga yake, acheze kidogo, aweke noti kwenye paji la uso la mpiga ngoma. Atatoa mara tatu ya ambacho angedondosha kwenye bakuli kwa siri.

Hata hivyo nisikudanganye. Mitaani kwetu kofia italipa nauli na chakula, na siku njema itabaki kidogo. Kodi ya nyumba haitoki humo. Faida yake ni kwamba kofia haina adabu ya uongo: inakwambia jioni hiyo hiyo kama onyesho lako linashika watu. Onyesho lililopita mtihani huo ndilo unalolipeleka kwa wanaolipa, yaani shule, mahoteli ya ufukweni, harusi na sherehe za watu, halmashauri, matamasha, na kampeni zikirudi. Shule hasa usizidharau. Igizo la nusu saa na warsha ya siku moja kwa wanafunzi ni mkate wa uhakika kwa kikundi kinachofika kwa wakati. Ukiona zaidi ya nusu ya mapato ya mwaka yanatoka kwa mteja mmoja, anza kuogopa, hata kama analipa vizuri. Hasa kama analipa vizuri.

Mwaka wenyewe una umbo. Masika, Machi hadi Mei, kaa chini: tunga, rudia, rekebisha mavazi, ingia mashuleni ambako kuna paa. Kuanzia Juni barabara zinapitika na hewa ni ya kucheza nje, hiyo ndiyo miezi ya kuzunguka. Fuata fedha za mavuno. Mtwara na Lindi Oktoba, minada ya korosho ikianza, si Mtwara na Lindi za Aprili. Kanda ya Ziwa nayo ina msimu wake wa pamba. Panga safari kwa siku za magulio, kwa sababu siku ya gulio watu wameshakusanyika, unabakiwa na kazi ya kuwasimamisha tu. Matamasha, Bagamoyo, au Sauti za Busara kule Zanzibar ambayo hufunguliwa kwa maandamano ya ngoma na wasanii mitaani kila Februari, yasiwe tegemeo la chakula. Nenda uonekane na uwaone wenzako.

Mkataba uandikwe. Posho si ujira: posho ni chakula na malazi ya siku ukiwa kazini, ujira ni malipo ya kazi, na waajiri wengi hupenda kukulipa cha kwanza wakidai wamemaliza na cha pili. Andika idadi ya maonyesho kwa siku, mawili, na nje kwenye jua usikubali manne. Nusu ya malipo itangulie. Wakitaka kurekodi video, itumike wapi na kwa muda gani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mwigizaji, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo kwa ajili ya hilo. Ndani ya kikundi, kabla ya kugawana, toeni fungu la kikundi kwanza: ngozi ya ngoma, mavazi, akiba ya nauli ya kurudi nyumbani safari ikiharibika.

Vibali nitapita haraka. Kikundi kisajiliwe BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ofisa utamaduni wa halmashauri ajue mnakuja, mwenyekiti wa mtaa awe na barua yenu, na polisi wataarifiwe kama mnategemea umati. Usione ni usumbufu mtupu. Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya, wanakijiji walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kukaa watu wapatao 2,000, wakaigiza mwaka 1977 kwa lugha yao. Leseni ikafutwa na mkuu wa wilaya baada ya wiki chache, Ngugi wa Thiong'o, mmoja wa waandishi wa igizo hilo, akawekwa kizuizini mwishoni mwa mwaka, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Anayetawala uwanja anajua nguvu ya watu kukusanyika kuangalia maisha yao, na kuna nyakati anajua kuliko sisi wenyewe. Barua yenye muhuri haikulindi na kila kitu, lakini inamnyima mgambo sababu ya kwanza.

Mwili. Wanasarakasi wengi wanaanza kusikia magoti na kiuno wakiwa bado vijana, na kazi ya kuruka kwenye saruji hufupisha miaka. Beba mkeka hata kama ni mzito. Waigizaji wanaumia koo. Usipige kelele kwa koo. Sauti itoke tumboni, na gawaneni mzigo kwa viitikio, mmoja anatamka, kikundi kinarudia, umati unapokea. Ukifika miaka arobaini usitegemee kucheza kama sasa, tegemea kuwa mwelekezi, mshereheshaji, mwalimu, mtu wa kuulizia swali katikati ya igizo. Anza kufundisha mapema, ukiwa bado na jina. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapokea wanaojichangia wenyewe walio nje ya ajira rasmi. Jiandikishe mwezi huu, hata kwa kiasi kidogo. Na bima ya afya usiiache, kazi yako ni ya kuanguka na kuumia.

Wewe ni mwanamke, basi kuna la ziada, na kikundi kilichokomaa hulipanga kabla ya kuondoka, si usiku mkiwa ugenini. Wasichana wawili chumba kimoja. Hakuna anayekwenda kudai malipo baa saa nne usiku. Usafiri wa kurudi unajulikana kabla onyesho halijaanza. Kiongozi anayesema "tutaona huko huko" hajawahi kuona. Kikundi kisichokubali masharti hayo kiache, hata kama wanacheza vizuri.

Mzee wako nadhani hajakataa sanaa. Anachokataa ni kukuona unarudi safari huna kitu na huna karatasi. Mwonyeshe daftari: mapato, matumizi, mikataba, tarehe zilizopangwa. Na mwalike siku mtakayocheza karibu na nyumbani, akae kiti cha heshima. Majirani wakimpongeza yeye, mazungumzo yatabadilika yenyewe.

Kuhusu nje. Ulaya kweli mitaa inacheza, lakini usidhani inalipa kama unavyosikia. Tamasha la Aurillac, Ufaransa, lililoanza 1986, kila Agosti huvuta mamia ya vikundi, na vilivyo vingi vinakuja kwa gharama zao vikitumaini mwandaaji fulani apite aone. Mfaransa anaweza kuvumilia hivyo kwa sababu akifikisha saa 507 za kazi ya sanaa ndani ya miezi 12 anaingia kwenye malipo ya bima ya wasio na kazi ya kumpitisha miezi mikavu. Wewe mwenye viza ya wiki chache huna ngazi hiyo. Nenda ukialikwa na kulipiwa, ujifunze, urudi. Wanasarakasi wa Kenya na Tanzania wamekuwa wakifanya kazi kwenye sarakasi na mahoteli ya nje kwa miaka mingi na wengine wamejenga nyumba, kwa hiyo siwalaumu wenzako. Ila hotelini utacheza kipande kile kile kila usiku kwa miezi, mbele ya watu wanaokula, na ukirudi onyesho lako la Ngamiani litakuwa limekusahau. Kama unakwenda kutafuta mtaji, sawa. Jua unakwenda kutafuta mtaji.

Na kama utakwenda: pasipoti ikae kwako, si kwa wakala wala kwa meneja wa hoteli. Mkataba uwe wa hoteli yenyewe, wenye mshahara, saa za kazi, matibabu ukivunjika, na tiketi ya kurudi iliyolipwa na mwajiri, na uwe umesomwa na mwanasheria au ofisi ya kazi kabla ya sahihi. Wakala anayetaka umlipe kwanza ndipo akuonyeshe mkataba, mwache aende na wengine.